Jifunze kusoma anwani kabla ya kitu kingine chochote kwenye kivinjari

Juzi msomaji mmoja wa Nkuhungu ameniandikia: "Kaka habari. Nimeingia tovuti ya ajira, nimejaza kila kitu, mwisho wananiambia nitume elfu kumi na tano kwenye namba ya simu ndiyo maombi yapokelewe. Nitume?" Akaambatanisha picha ya skrini. Juu kabisa, kwenye ule mstari mwembamba ambao watu hawautazami, pameandikwa ajira-go-tz, halafu nukta, halafu com.

Dada yangu, usitume. Kuomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi. Na kama humo ndani umeweka neno la siri unalolitumia pia kwenye barua pepe, libadilishe leo hii, usisubiri kesho.

Nimeona jibu lake liwe la wote, kwa sababu sote tunakimbizana na mambo yaleyale. Mmoja anataka kazi, mwingine mkopo wa chuo, mwingine anasajili jina la biashara yake ya zabibu kule BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ofisi ziko hapa hapa Dodoma mjini, wizara ziko Mtumba, lakini mlango wa kwanza wa karibu kila kitu sasa ni kivinjari. Inauma kuona mtu anapanda basi toka Mpwapwa au Kondoa kuja kuulizia fomu ambayo angeisoma akiwa kwao.

Kivinjari ni programu inayofungua tovuti: Chrome, Firefox, Edge, Opera Mini, Safari kwa wenye iPhone. Google si kivinjari. Google ni tovuti ya kutafutia, na kivinjari kinaifungua kama kinavyofungua nyingine yoyote. Ukilishika hilo, nusu ya mkanganyiko umekwisha.

Sasa kisanduku cha anwani. Kwenye simu na kompyuta za leo kisanduku hicho hicho kinafanya kazi mbili: kufungua anwani na kutafuta. Kinaamua kwa kuangalia ulichoandika. Ukiandika necta.go.tz bila nafasi yoyote, unakwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Ukiandika "necta matokeo", unapelekwa kwenye orodha ya kutafuta, na hapo ndipo matapeli wanapokusubiri. Kosa linalotokea sana kwenye simu ni hili: unaandika "necta", kibodi inakupendekezea neno, unaligusa, nayo inaongeza nafasi baada yake bila wewe kuona. Ukimalizia .go.tz, tayari kuna pengo katikati, na badala ya tovuti unaletewa orodha. Rudi, futa lile pengo, kisha gusa kitufe cha kwenda. Herufi kubwa au ndogo kwenye jina la tovuti hazina shida. Baada ya mkwaju, ile alama ya /, zinaweza kuwa na shida, kwa hiyo kiungo kirefu kinakiliwe kama kilivyo.

Kusoma anwani kunaanzia mwisho. Tafuta mkwaju mmoja wa kwanza baada ya jina, yaani ukishaipita ile https yenye mikwaju miwili. Ukifika hapo, simama, soma kurudi nyuma. Kwenye portal.ajira.go.tz unakutana na tz, halafu go, halafu ajira, halafu portal. Ni kama majina yetu: la ukoo liko mwisho, na ndilo linalosema mtu ni wa nani. Ukoo hapa ni go.tz, na hiyo ni ya taasisi za serikali ya Tanzania. Vyuo vina ac.tz, kwa mfano udom.ac.tz ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Shule zina sc.tz, makampuni co.tz, mashirika yasiyo ya kibiashara or.tz.

Tapeli anajua unasoma kuanzia mwanzo, kwa hiyo anaweka neno zuri mwanzoni. Anaweza kuandika ajira.go.tz.jinafulani.com, nawe ukaona "ajira.go.tz" ukaridhika. Soma kurudi nyuma: com, jinafulani. Huyo ndiye mwenye tovuti, na yote yaliyotangulia ameyabandika mwenyewe. Kistari nacho si nukta. ajira-go-tz ni jina moja tu refu ambalo mtu yeyote anaweza kulisajili kwa pesa kidogo. Simu nyingi hukata anwani ndefu zisionekane zote. Gusa kisanduku, anwani yote itafunguka, uburute kidole uisome mpaka mwisho.

Wengine wamefundishwa kutazama ile alama ya kufuli pembeni mwa anwani. Kufuli linasema kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefungwa asiyasikie mtu wa katikati. Halisemi uliyeko naye ni mwaminifu. Cheti cha kufuli kinapatikana bure na kwa dakika chache, hata tapeli anacho. Chrome yenyewe ililiondoa kufuli hilo mwaka 2023, ikaweka alama ya vistari viwili vyenye viduara, kwa sababu watu walilielewa vibaya. Ile https iwepo, ndiyo, lakini baada ya hapo bado usome jina.

Na malipo yakiwepo kweli, malipo ya serikali hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile unayoiweka kwenye menyu ya kulipia serikali kwenye simu au unaipeleka kwa wakala wa benki. Hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hapa sina neno la kupunguza ukali: ukiona namba ya mtu, funga ukurasa.

Kiungo kikija kupitia Facebook au Instagram, mara nyingi kinafungukia ndani ya programu hiyo hiyo na anwani inafichwa au inakatwa. Gusa vidoti vitatu juu, chagua kufungua kwenye kivinjari, halafu usome.

Kuna ufundi mmoja ambao ningependa kila mzazi aujue kabla matokeo ya Kidato cha Nne hayajatoka. Ukurasa wa matokeo una orodha ndefu ya vituo, na watu wanashusha kwa kidole mpaka bando linaisha. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F kwa pamoja. Kwenye simu gusa vidoti vitatu, kisha tafuta kwenye ukurasa. Andika sehemu ya jina la shule, kivinjari kitakupeleka hapo hapo. Ukishafungua shule, rudia tena kwa tarakimu nne za mwisho za namba ya mtahiniwa, zile zinazofuata mkwaju baada ya namba ya kituo inayoanza na S. Majina hayapo kwenye matokeo hayo, kwa hiyo kuandika jina la mtoto hakusaidii. Beba namba.

Siku hiyo ukurasa ukikwama na ukaona namba 503 au 504, seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti hiyo, imezidiwa na watu. Wewe hujakosea, simu yako haina ubovu. Kubonyeza kupakia upya mfululizo kunaongeza foleni na kunakula bando. Acha, jaribu usiku. Ukiona 404, seva ipo lakini ukurasa uliouomba haupo, mara nyingi kwa sababu kiungo kimekatwa au ni cha zamani. Anza upya kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Ukiambiwa jina la tovuti halikupatikana, kagua herufi kwanza, halafu kagua kama data imewashwa na bando lipo.

Onyo jingine linawatisha watu bure kwenye kompyuta za zamani: kila tovuti unayofungua inaambiwa si salama, hata zile unazozijua. Tazama saa chini kulia. Utakuta inasoma mwaka ambao ulishapita zamani. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hulinganisha na saa ya kompyuta. Saa ikiwa nyuma, kila cheti kinaonekana hakijaanza. Rekebisha tarehe, tatizo linakwisha. Likirudi kila ukizima kompyuta, ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu imekufa, nyingi zimeandikwa CR2032, na fundi anaibadilisha kwa muda mfupi. Lakini saa ikiwa sahihi na onyo likaja kwenye tovuti moja tu, liheshimu, usilipite.

Opera Mini inapunguza kweli matumizi ya bando, kwa sababu kurasa zinakandamizwa kwenye seva zao kabla ya kukufikia. Kwa habari ni nzuri. Kwa fomu ndefu ya mkopo au ajira, tumia Chrome au Firefox, maana ikiwa kwenye ukandamizaji wa juu vitufe vingine vinagoma.

Na tovuti ikikuuliza kama uiruhusu ikutumie arifa, kataa. Yale matangazo ya "simu yako ina virusi" yanayotokea hata ukiwa hujafungua chochote, mengi yanatoka hapo. Ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uondoe kila tovuti usiyoijua.

Nimeweka steshenari mwisho kwa sababu ndiko wengi wetu tunakofanyia mambo haya, na ndiko tunakoumia. Mtu anaketi pembeni, mhudumu anafungua akaunti ya barua pepe kwa namba ya simu ya mhudumu na neno la siri la mhudumu. Mwaka mmoja baadaye barua ya kuitwa kwenye usaili inaingia humo, mwenyewe hawezi kuifungua, na mhudumu alishahama. Vijana wenye vyeti vizuri kabisa wanapoteza nafasi namna hii. Kaa wewe kwenye kibodi. Namba iwe yako, neno la siri ulitunge wewe na uliandike kwenye daftari lako.

Kabla ya kuingia kwenye akaunti yoyote hapo, fungua dirisha fiche, lile lisilotunza kumbukumbu za ulichofungua: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome, au Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, halafu funga madirisha fiche yote, siyo moja. Ukitumia dirisha la kawaida, kulifunga tu hakukutoi, na anayekaa baada yako anaweza kukuta akaunti iko wazi. Dirisha fiche nalo halifuti faili ulizopakua. Cheti chako na kitambulisho vinabaki kwenye folda ya vipakuliwa, kwa hiyo vichague ubonyeze Shift na Delete kwa pamoja, maana Delete peke yake inavipeleka kwenye pipa tu.

Ukikumbuka ukiwa tayari umefika stendi ya Jamatini kwamba hukutoka kwenye Gmail, usirudi mbio. Kwenye simu yako andika myaccount.google.com, ingia sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa vyako, chagua ile kompyuta, uitoe hapo. Kisha badilisha neno la siri.