Boroni nitridi isiyoonyesha bonde

SWALI: Nilimenya boroni nitridi, fuwele ya tabaka za boroni na naitrojeni, kwa selotepu, nikabandika vipande kwenye silikoni, vikapelekwa nje kupigwa ayoni za heliamu ili zitengeneze kasoro ndani yake. Sasa namulika kwa leza ya kijani ya nanomita 532 huku nikipitisha mikrowevi kutoka gigahezi 3.45 hadi 3.50. Mwanga haupungui hata kidogo, yaani sioni bonde lolote kwenye grafu, ilhali mtambo huu huu ulisoma kasoro za almasi vizuri. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi wa fizikia, Kisumu

JIBU: Hapo kwenye almasi ndipo pa kuanzia. Kasoro ya almasi hutoa mwanga mwekundu, na vichujio vyake vingi hukata kabla ya nanomita 800. Yako, yaani nafasi iliyoachwa na atomi moja ya boroni, hung'aa kwa infraredi, kilele kikiwa kati ya 800 na 850. Weka kichujio kinachopitisha kuanzia 750 kwenda juu. Fungua na darubini pia: nyingine zina kioo cha kuzuia infraredi mbele ya kamera.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye masafa. Nafasi hiyo imezungukwa na atomi 3 za naitrojeni, na viini vyake hutanua kila bonde likapita megahezi 100. Wewe umepita megahezi 50 tu, tena katikati ya mabonde mawili, basi lazima uone tambarare. Pitisha 3.0 hadi 4.0, hatua za megahezi 5, urudie mara nyingi uchukue wastani. Kisha lete sumaku, uga wake ukisimama wima juu ya kipande. Kila militesla ya uga huo husogeza bonde moja juu na jingine chini kwa megahezi 28. Kwa militesla 10 yatafute karibu na 3.20 na 3.76. Bonde lisilosogea linatoka kwenye nyaya au amplifaya yako.

Waya wa mikrowevi uwe makumi ya mikromita tu kutoka kwenye kipande.

Kuhusu ayoni, nishati ya kiloelektronivolti 3 na takriban ayoni trilioni 100 kwa sentimita mraba zinatosha. Zikizidi sana, fuwele huvurugika. Na usiviingize kwenye tanuru la nyuzi 800 kama ifanyiwavyo almasi. Joto hilo huziua kasoro hizi.

Awamu ijayo, kausha silikoni kwenye sahani ya moto, nyuzi 100 kwa dakika 2, ndipo ubandike. Hewa ya kando ya ziwa huacha utando wa maji, na vipande hurudi na selotepu. Kandamiza kwa kidole gumba, vuta polepole, ukichagua vya unene wa nanomita 50 hadi 100. Vyembamba zaidi, vinavyoifikisha kasoro karibu kabisa na kitu unachotaka kukipima, viache mpaka bonde lionekane.