Wadogo zangu, boneti iwe ya mwisho

Nimechoka kuwaona mkienda kukagua gari la zamani lililolala miaka, mnalotaka kulinunua na kulifufua, betri begani, waya za jampa mkononi, na kabla mwenye gari hajamaliza kuwakaribisha mmeshafungua boneti. Mnamwaga petroli kwenye kabureta, mnapiga stata, likinguruma mnakumbatiana. Moyo huo naupenda, maana asiye nao hawezi kukaa na gari bovu hadi lipone. Lakini mnaanza na kitu kinachotengenezeka, na mnaacha nyuma vile vinavyoua mradi. Injini hufunguliwa, hukerezwa, huwekwa ringi na beringi mpya, ikarudi kazini. Bodi iliyoliwa na kutu hadi kwenye mifupa, au hati zisizolingana na gari, zimeshazika miradi mingi ambayo injini zake zilikuwa nzima kabisa. Basi fuateni mpangilio huu.

1. Uliza liliegeshwa kwa nini. Wote mnauliza tangu lini, na swali la maana mnaliruka. Jibu la "lilikuwa linatembea vizuri tu" lisikutoshe. Yupo aliyefariki, yupo aliyehama, lakini pia ipo gia boksi iliyoanza kutema gia ya pili, na lipo gari lililogongwa ubavuni na fundi akaishia njiani. Kila jibu linaipeleka tochi yako mahali tofauti. Mama mmoja mjane aliwahi kunieleza kwa utulivu kwamba marehemu mumewe aliacha kuliendesha gari lake pale lilipoanza kuvuta upande mmoja kila akikanyaga breki. Nilikwenda moja kwa moja mbele, pale mkono wa saspensheni unapofungwa kwenye bodi, na chuma pale kilikuwa kimeoza kama ubao wenye mchwa. Uliza pia lililala wapi. Sakafu ya saruji iliyo kavu inalihurumia gari. Nyasi hulipandishia unyevu usiku na mchana. Na turubai lililofungwa kwa kubana huufungia mvuke ndani, kwa hiyo msifurahie sana mkikuta limefunikwa.

2. Hati. Futa vumbi, soma namba ya chesisi kwa macho yako kwenye chuma chenyewe, linganisha na kadi ya usajili tarakimu kwa tarakimu. Namba ya herufi na tarakimu 17 ilianza kuwa kanuni Marekani kwa magari ya mwaka 1981, na kwingine si wote waliifuata wakati huo, hivyo gari la kabla ya hapo likiwa na namba fupi msishtuke. Kama mwenye gari ameshafariki, ongea na yule anayetambuliwa kisheria kusimamia mirathi. Mpwa mwenye ufunguo si mwenye gari.

3. Bodi, na uanzie chini. Vaa nguo za kazi, lala chali, beba tochi, bisibisi butu na sumaku ndogo uliyoivisha kitambaa. Gonga na usikilize: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Pita kwenye mihimili iliyo chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, sakafu chini ya mazulia, vishikio vya springi, vichwa vya shokabzoba ndani ya boneti, kitako cha betri, na sakafu ya buti chini ya tairi la akiba. Sumaku ikikataa kushika mahali ambapo panapaswa kuwa na chuma, chini ya rangi hiyo kuna fila, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi. Ila lijue gari unaloligusa. Land Rover za mwanzo, tangu 1948, zilitengenezwa kwa paneli za aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo sumaku kuteleza kwenye madigadi yake si habari. Habari iko kwenye chesisi, hasa kile kipande cha nyuma kinachokaa kwa kupingama, na kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Volkswagen Beetle inua kiti cha nyuma: betri inakaa humo, na asidi iliyomwagika kwa miaka hula sakafu iliyo chini yake. Halafu angalia ile mirija ya pembeni inayopitisha hewa ya joto, kwa sababu ndiyo pia mhimili wa gari. Mercedes W123, zile zilizotoka kuanzia 1976, zina sifa ya injini zisizochoka, lakini hazijawahi kuogopwa na kutu. Kagua sehemu za jeki na madigadi ya mbele.

Kisha kuna kipimo ambacho hamkifanyi kamwe, na hakihitaji chochote zaidi ya jeki. Inua upande mmoja taratibu, fungua mlango, ufunge. Ukiwa unafunga kama mwanzo, bodi bado ina uti wa mgongo. Ukianza kugusa fremu au ukikataa kufunga, gari linajikunja.

Hapa sina budi kusimulia ya kijana mmoja niliyemfundisha, naye ameniruhusu kwa sababu hataki mwingine apite alikopita. Alikuta Peugeot 504, gari aliloliota tangu utotoni. Aliniambia baadaye kwamba alipoona taa zile za mbele alishalinunua moyoni, na kilichobaki kilikuwa kutafuta ruhusa ya kulipa. Ruhusa akaitafuta kwenye injini. Hakufungua plagi. Hakuangalia oili. Akaunga betri, akamimina petroli, akapiga stata, ikagoma, akapiga tena kwa muda mrefu, na mwisho ikashika. Moshi ulijaa uwanja mzima na watu wakapiga makofi. Anasema makofi yale ndiyo yaliyomfanya aone aibu kuomba jeki. Alilipa bei ya gari linalowaka, siku hiyo hiyo.

Kilichotokea ndani ya injini kinaelezeka. Gari likikaa, oili inashuka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, na kuacha kuta za silinda na beringi zikiwa kavu. Unyevu unaingia kupitia vali zilizobaki wazi, ringi zinashikana na silinda kwa kutu, na shina la vali linaganda kwenye gaidi yake, ile bomba fupi linamopita. Ukipiga stata, kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, haijui kwamba vali imeganda. Inasukuma tu, na kwenye injini ya 504 ya petroli, inayotumia vijiti vya kusukuma vali, kijiti ndicho kinachopinda. Vyake vilipinda viwili. Ringi zenye kutu zikachana laina, yaani kuta za silinda. Laina za injini ile zimezungukwa na maji moja kwa moja, na mpira wa kuziba chini ya mojawapo ulikuwa umeshakufa, kwa hiyo maji yakaanza kuingia kwenye oili. Yote hayo yanatengenezeka, na alikuwa tayari kuyatengeneza.

Asilokuwa tayari nalo ni siku tulipoliinua karakana. Sehemu ya jeki ilizama ndani, na mlango wa nyuma ukagoma kufunga. Tulikwangua ile rangi nyeusi nzito iliyopakwa chini, tukakuta bati limebanwa kwa riveti juu ya mhimili uliooza, na juu ya bati fila, na juu ya fila rangi. Pande zote mbili. 504 haina chesisi ya pekee. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kijana alikaa chini akanyamaza, kisha akauliza kama kuchomelea kungetosha. Kuchomelea kulihitaji kwanza chuma kizima cha kushikia, na kilichokuwepo kilikuwa kinapukutika. Gari lilikwisha kwa vipande: gia boksi huku, viti kule, difu kwa mwingine. Kilichomuumiza zaidi, anasema, ni kwamba jeki ilikuwa kwenye gari alilokwenda nalo siku ile.

4. Injini sasa, na bado usiiwashe. Vuta kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa ni maji. Utando mwepesi chini ya kifuniko peke yake waweza kuwa unyevu wa kukaa tu, usimhukumu gasketi ya silinda hedi kwa huo. Fungua plagi zote, ingiza mafuta laini ya kupenyeza kila silinda, na kama muuzaji ana subira, acha siku kadhaa. Kisha weka spana kwenye nati ya puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na uzungushe kwa mkono: mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu, umepata injini ya kujadiliana. Ikikataa, usitumie nguvu. Punguza bei uihesabu kama injini ya kufunguliwa, na wala usikate tamaa, nimeona nyingi zilizoganda zikifufuka. Yenye taiming belti, mkanda ubadilishwe kabla ya stata kuguswa. Eya klina ifunguliwe kila mara: panya hupenda sana kujenga humo.

5. Haya ya haraka, mnayajua lakini mnayasahau. Petroli ya zamani inaacha gundi kwenye kabureta na kutu kwenye tangi, kwa hiyo lisiwashwe kwa tangi lake. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya maji, hesabu masta silinda, silinda za magurudumu na mipira yote kuwa ni ya kubadilisha. Tairi likiwa na tarakimu tatu mwishoni mwa msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwake badala ya nne, ni la kabla ya 2000, hata likiwa na meno. Klachi inaweza kuwa imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Kabla ya kuunga betri kwenye gari la Uingereza la miaka ya 1960 kurudi nyuma, hakikisha bodi imeungwa upande upi wa betri, maana mengi yao yalifungwa chanya kwenye bodi badala ya hasi. Kwenye Citroën DS jua kama mfumo wake wa haidroliki ni wa mafuta mekundu au ya kijani. Ukichanganya, unaua mipira yote.

6. Hesabu visivyokuwepo. Pistoni za gari maarufu utazipata. Kioo cha mbele cha modeli adimu, kromu za pembeni, lenzi za taa na vitasa vya ndani vinaweza kukusubirisha kwa miaka. Ndiyo maana mimi hulipa zaidi kwa gari lisilowaka lililokamilika kuliko linalowaka lililonyofolewa. Omba kufungua makabati, vichochoro na stoo ya mwenye gari kwa heshima. Mara nyingi kitu kilichofunguliwa kabla gari halijalala bado kimo humo, kwenye boksi ambalo hakuna anayekumbuka ni la nini.

7. Mkishakubaliana bei, lipandishe kwenye lori. Usilikokote kwa magurudumu yake: breki zimeganda, grisi ya beringi imekauka, na matairi hayo hayana umri wa barabara. Na kila kipande kinachodondoka wakati wa kulipakia, hata nati yenye kutu, kiingie kwenye mfuko wenye jina la mahali kilipotoka.