Kupinga majibu ya poligrafu katika ombi la kazi ya polisi

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama mpwa wako, mzaliwa wa Chake Chake anayeishi Marekani, anaweza kupinga majibu ya poligrafu, ile mashine inayodaiwa kutambua uongo, yaliyomkosesha kazi ya polisi. Kupinga anaweza, ila ajue kwamba sheria ya mwaka 1988, inayowazuia waajiri wengi wa sekta binafsi kutumia kipimo hicho, haizihusu idara za serikali, na polisi wamo humo.

Hoja yake kubwa ni ya kitaalamu. Mashine haipimi uongo wenyewe, bali hupima pumzi, msukumo wa damu na jasho la ngozi, mambo ambayo hofu tupu huweza kuyabadilisha. Na mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la huko lilieleza kwamba usahihi wake hautoshi kutegemewa katika kuwachuja wafanyakazi wa serikali ya shirikisho kwa ajili ya usalama.

Aulize mapema kama idara ina utaratibu wa rufaa, kisha aombe kwa maandishi kupimwa upya na mpimaji mwingine. Lakini kwanza akumbuke vizuri alichokisema katika mahojiano, kwani kama alikiri jambo kwa mdomo wake, kubishana juu ya mashine hakutamfaa kitu (hapo ndipo ningemshauri amwone wakili).

Akiomba kazi kwingine na fomu ikamuuliza kama amewahi kupimwa, aseme kweli na aambatanishe nakala ya barua yake ya pingamizi.