Kula bata Bangkok: meza, chupa na hesabu ya usiku

Mtu anayefika Bangkok kufunga mzigo wa nguo kwenye soko la Pratunam, au kutembea tu siku nne tano, usiku mmoja lazima atataka kutoka. Uzoefu wa viwanja vya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala utamfaa, ila si wote. Kule meza ndiyo klabu. Vijana wa Bangkok hawakimbilii katikati ya ukumbi. Wanaizunguka meza ndogo ya miguu mirefu, chupa moja katikati, ndoo ya barafu pembeni, na wanacheza papo hapo walipo. Kumbi nyingi za wenyeji hazina hata sehemu maalumu ya kuchezea. Mgeni anayeingia peke yake, akanunua bia kaunta na kuanza kutafuta pa kuchezea, ataishia kuegemea ukuta, atalipa zaidi ya waliokaa mezani, na atatoka akidai Wathai hawachangamki. Wanachangamka sana, ila shughuli iko mezani na yeye hakuwa nayo.

Kwa hiyo tafuta kundi kabla ya kutafuta ukumbi. Watu wanne hadi sita wanatosha. Aliye peke yake achague Sukhumvit Soi 11 (*soi* ni mtaa unaochepuka kutoka barabara kuu, hapa Sukhumvit), ambako kumbi zimezoea wageni, kaunta zina nafasi na watu wanacheza hovyo bila kujuana. Barabara ya Khao San nako mtu hapotei: muziki umemwagika barabarani na umati ni wa wasafiri wa mabegi. Walio kundi na wanaotaka kuona Wathai wenyewe wanavyokesha waende RCA, yaani Royal City Avenue, barabara ya kumbi kubwa zilizopakana, zikiwamo Route 66 na Onyx. Mitaa ya Thonglor na Ekkamai ni kwa wenye kipato zaidi. Bendi za huko ni nzuri, nyimbo karibu zote ni za Kithai na ukumbi mzima unaimba pamoja. Hata usipoelewa neno, ule uimbaji ndio jambo la kufuata Bangkok kuliko dijei yeyote wa kimataifa utakayemsikia popote pale.

Saa nazo. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wageni wengi hawana. Wathai katika mazungumzo huhesabu saa za jioni kama sisi: saa moja jioni ni *nueng thum*, saa nne usiku ni *si thum*, saa tano ni *ha thum*, na namba yenyewe ni ileile, moja, nne, tano. Ukiambiwa tukutane *si thum*, ni saa nne yetu kamili. Mtego unakuja baada ya saa sita usiku, maana wanaanza kuhesabu upya. *Ti song*, yaani mbili, ni saa nane usiku kwetu. Ukumbi huanza kujaa kati ya saa nne na nusu na saa sita, bendi ikitangulia na dijei akifuata. Kwa miaka mingi taa ziliwashwa saa nane usiku. Tangu Desemba 15, 2023 kumbi zenye leseni za Bangkok, Phuket, Pattaya, Chiang Mai na kisiwa cha Samui zinaruhusiwa kufungua hadi saa kumi alfajiri, lakini si kila ukumbi unaitumia ruhusa hiyo, kwa hiyo ulizia mlangoni. Kagua pia kalenda. Siku kuu za Kibudha kama Makha Bucha na Visakha Bucha, pamoja na siku za uchaguzi na mkesha wake, zina masharti ya pombe, na baadhi ya kumbi hufunga kabisa.

Mlangoni kuna mambo matatu. La kwanza ni pasipoti. Umri wa kunywa Thailand ni miaka 20, si 18, na baunsa hutaka kuona pasipoti yenyewe hata kama una mvi. Baadhi hukubali picha kwenye simu, wengine hawakubali, na aliyeacha pasipoti hotelini hulazimika kuirudi Sukhumvit yote katika foleni kuifuata. Ibebe kwenye mfuko wenye zipu, mbele ya mwili. La pili ni mavazi: mwanamume asivae kandambili, singlendi wala kaptula ya ufukweni. La tatu ni kiingilio. Kumbi zinazopokea wageni wengi hutoza kama baht (pesa ya Thailand) 300 hadi 500, na tiketi huwa na kuponi ya kinywaji kimoja au viwili. Wanaochukua chupa mara nyingi husamehewa kiingilio au hukatiwa kwenye bili, ila sharti useme mlangoni kwamba mnataka meza na chupa. Ukishalipa kiingilio, hakirudi.

Sasa chupa, ambako pesa nyingi huokolewa au kupotea. Tuseme mpo sita na mmechukua chupa ya wiski ya mililita 700 kwa baht 2,000. Wenyeji hunywa wiski au SangSom, ambayo ni rum ya kwao, ikiwa imechanganywa na maji ya soda, kola na barafu nyingi. Ukikadiria mililita 30 kwa glasi, chupa inatoa glasi 23, karibu nne kwa kila mtu. Vichanganyio havimo kwenye bei hiyo. Chupa za soda, kola na ndoo mbili tatu za barafu zinaweza kufika baht 800. Jumla 2,800. Kisha tazama alama mbili za kujumlisha mwishoni mwa menyu: ya kwanza ni asilimia 10 ya huduma, ya pili ni asilimia 7 ya kodi ya ongezeko la thamani, na kodi inapigwa juu ya huduma. 2,800 inakuwa 3,080, kisha karibu 3,296. Gawanya kwa sita: kila mtu baht 550 kwa usiku mzima. Aliyesimama kaunta akanywa bia tatu za baht 180 kila moja analipa 540, na zile alama mbili zikiongezwa inafika 635. Ndiyo maana meza inashinda.

Kinachoharibu hesabu hii si wiski, ni vichanganyio. Mhudumu wa Kithai ana kazi ya kuhakikisha glasi yako haishuki, naye hufungua soda mpya kila akipita. Si wizi, ndivyo ukarimu wa mezani ulivyo kule. Mwambieni mapema achukue oda za vichanganyio kwa mtu mmoja tu kati yenu, na chupa tupu za soda ziachwe mezani hadi mwisho ili zihesabike. Asiyetaka kuongezewa afunike glasi kwa kiganja. Hilo ni muhimu zaidi ya pesa, kwa sababu glasi inayojazwa kila ikifika nusu haikupi nafasi ya kujua umekunywa ngapi.

Chupa isipokwisha, usiiache na usiinywe kwa kulazimisha. Sema *fak lao*, kuweka pombe amana. Ukumbi utaibandika namba na kukupa kadi yenye tarehe ya mwisho, mara nyingi wiki kadhaa mbele. Piga picha kadi na picha ya chupa ikionyesha kiwango kilichobaki, na usiku unaofuata mnaanza bila kununua. Kwa anayekaa siku kumi sokoni, hii inaokoa pesa.

Mezani kuna adabu zake, na nyingi hazitamsumbua aliyelelewa kwetu. Mhudumu mdogo kwako anaitwa *nong*, mdogo wangu. Baunsa au mkubwa wako ni *phi*, kaka au dada mkubwa. Ukiita hivyo, ukamalizia na *khrap* kama wewe ni mwanamume au *kha* kama wewe ni mwanamke, huduma inabadilika mbele ya macho yako. Meza ya jirani ikiinua glasi na kusema *chon kaew*, gonganisha nao, na glasi yako iwe chini kidogo ya glasi ya aliyekuzidi umri. Usiguse kichwa cha mtu hata kwa utani. Noti ikianguka usiizuie kwa kiatu isiende mbali, kwa kuwa ina picha ya mfalme. Kumdharau mfalme ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 3 hadi 15, na mzaha wa mlevi kuhusu jambo hilo haupokelewi kama mzaha. Waislamu wajue kwamba vitafunio vya mezani vina nguruwe mara kwa mara. Neno la kusikiliza ni *moo*. Nyama choma halali ya usiku ipo Sukhumvit Soi 3/1, mtaa wa Waarabu.

Nana Plaza, Soi Cowboy na Patpong si klabu za aina hii. Ni baa za wanawake wanaolipwa kukaa na wateja, na sheria za pesa ni nyingine. Kila oda huandikwa kikaratasi na kuwekwa kwenye kikombe mbele yako, kwa hiyo kisome kila kinapoongezeka, si mwisho. Kinywaji unachomnunulia mhudumu wa kike kina bei ya juu kuliko chako, kwa kuwa sehemu ni malipo yake. Na kengele inayoning'inia juu ya kaunta si pambo: ukiivuta umekubali kuwanunulia waliopo wote. Patpong kuna wapiga debe wanaokupandisha ghorofani kutazama maonyesho kwa ahadi ya baht 100, kisha bili inakuja ya maelfu na mlango umesimamiwa. Njia ya kuepuka ni kutopanda. Aliyekwisha kunaswa apige 1155, polisi wa watalii, mbele yao.

Khao San wanauza pombe kwenye ndoo ndogo ya plastiki kama ya mtoto wa ufukweni. Ndani kuna chupa ya mililita 300 ya SangSom yenye kilevi asilimia 40, kola, na kinywaji cha kuongeza nguvu. Fanya hesabu: mililita 120 za kilevi halisi, karibu sawa na bia tano za nusu lita zenye asilimia 5. Ile kafeini inaficha usingizi, haipunguzi ulevi, na ndiyo sababu watu husimama vizuri hadi dakika wanapoanguka. Ndoo moja ni ya watu watatu. Hakikisha chupa inafunguliwa ukiiona. Methanoli iliua watalii sita Vang Vieng, Laos, Novemba 2024, na Agosti mwaka huohuo iliua watu Bangkok kwenyewe waliokunywa pombe ya mitishamba ya vibandani. Anayeijua historia ya chang'aa anajua dalili: kichwa kikali, kutapika na macho kuona ukungu, tena saa nyingi baadaye, wakati mtu anadhani ni uchovu wa kawaida wa baada ya pombe. Macho yakianza ukungu, ni hospitali mara moja. Gari la wagonjwa ni 1669.

Moto unastahili dakika mbili zako kila usiku. Mkesha wa mwaka mpya wa 2009 klabu ya Santika, Ekkamai, iliungua na kuua zaidi ya watu 60. Agosti 5, 2022 klabu ya Mountain B huko Sattahip iliungua na waliokufa walizidi 20. Mambo yaliyoua yanafanana: vitu vinavyoshika moto haraka kwenye dari na kuta, moshi wenye sumu, milango michache, watu wengi wakikimbilia mlango walioingilia. Ukifika, usiketi kabla ya kuona mlango wa pili kwa macho na kuusukuma ujue unafunguka. Kama umefungwa kwa mnyororo, ondoka, hata kama umelipa. Chupa ghali huletwa na fataki za cheche juu yake. Zikipita chini ya dari ya sponji iliyo karibu na vichwa, hapo si pa kukaa.

Kuhusu dawa za kulevya, polisi wa Thailand huingia ukumbini, huwasha taa na kupima mkojo wa waliomo. Bangi iliruhusiwa Juni 2022, lakini tangu Juni 2025 maua yake yanahitaji cheti cha daktari, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni huria. Sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku kuingizwa tangu 2014 na kuuzwa tangu 2015, iache nyumbani. Mwafrika akizunguka mitaa ya Nana na Asok usiku anaweza kusimamishwa zaidi ya wengine, na inauma. Toa pasipoti, toa mwenyewe vitu mifukoni kimoja kimoja, usikubali mkono wa mtu uingie mfukoni mwako, na ukiombwa pesa papo hapo omba mwende kituoni.

Kurudi panga kabla ya kutoka. Treni za BTS na MRT husimama karibu saa sita usiku na kurudi karibu saa kumi na mbili asubuhi, na RCA haina kituo mlangoni hata mchana. Teksi ya mita huanza baht 35, ila nje ya klabu dereva atakutajia 300 na mwenye bajaji 400. Tembea mita mia mbili kutoka mlangoni ndipo usimamishe, au tumia Grab au Bolt, zote zipo. Bodaboda wenye vizibao vya chungwa ni wepesi, lakini si kwa mtu aliyekunywa. Simu huisha chaji saa nane usiku bila kukosa, kwa hiyo chukua mapokezini kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi ya Kithai; madereva wengi hawasomi ramani ya Kiingereza. Na ukiwa na njaa, mwambie akupitishe kwenye *khao tom*, uji wa wali wenye samaki au kuku, ambao vibanda vyake huwa wazi saa hizo.