Maswali na Majibu: Dola za Angani na Madeni Yasiyolipwa

Maswali kuhusu tamthilia za kisayansi yamerundikana tena, na kama ilivyo kawaida mengi yanahusu mizinga, kasi ya meli na nani angemshinda nani. Nimechagua machache yanayonipa nafasi ya kurudia jambo ninaloliamini kwa dhati: dola ya kubuni, kama dola nyingine yoyote, hupimwa kwa yale inayowatendea wanyonge wake, na mwisho wa hadithi yake hupimwa kwa kuangalia kama deni hilo limelipwa au limefukiwa.

Borg wa Star Trek wakikutana na Dalek wa Doctor Who, nani atashinda? (Mwanafunzi, Mbale)

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na linaletwa tena bila hoja mpya. Nguvu ya dola ya kubuni ni ile ambayo mwandishi ameamua kuipa juma hilo. Katika mapigano ya Wolf 359, ambayo watazamaji walianza kusimuliwa mwaka 1990, chombo kimoja cha Borg kiliteketeza meli 39 za Shirikisho, yaani dola ya wanadamu na washirika wao katika Star Trek. Mwaka 2001, meli ya Voyager, katika tamthilia nyingine ya Star Trek, ilipohitaji kurejea nyumbani kabla tamthilia haijafungwa, meli hiyo moja yenye watu wapatao 150 iliwavunja nguvu Borg hao hao. Ukitaka kulinganisha, linganisha utawala. Dalek huua kila asiye Dalek, na Borg humgeuza kila mtu kuwa Borg, kwa hiyo hakuna raia anayebaki kuwashtaki. Wanatisha sana, lakini kuhusu utawala hawana mengi ya kutufundisha.

Ndugu mwandishi, kila mara unalisifu Shirikisho la Star Trek. Je, hao si wakoloni wenye tabasamu? (Mwalimu mstaafu, Arua)

Shikamoo, Mwalimu. Hoja yako ni nzito, na sitaipunguza uzito wake.

Shirikisho lina kanuni kuu inayokataza maofisa wake kuingilia mambo ya jamii ambazo bado hazijafikia uwezo wa kusafiri kati ya nyota. Sisi wa Uganda tuliotawaliwa na Waingereza kuanzia mwaka 1894 hadi 1962 hatuwezi kuidharau kanuni ya namna hiyo. Lakini itazame inapojaribiwa. Katika «Homeward», sehemu ya Star Trek iliyoonyeshwa mwaka 1994, hewa ya sayari moja inaharibika, na Kapteni Picard yuko tayari kuwaacha wakazi wake wote wafe ili kanuni isivunjwe. Wanaookoka ni wanakijiji wachache tu, nao wanaokolewa na mtu mmoja anayewaficha ndani ya meli kinyume cha amri. Mwaka huo huo, katika «Journey's End», Shirikisho linatia saini mkataba wa amani na Wakardasia, dola jirani, linawakabidhi sayari zenye watu, kisha linamtuma Picard kuwahamisha wanakijiji ambao ni wazao wa wenyeji asilia wa Marekani. Ramani ilichorwa mezani, na waliokuwa wakiishi juu yake wakaarifiwa baadaye. Msomaji wa Afrika hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Ninachokisifu ni Deep Space Nine, tamthilia ya Star Trek ya mwaka 1993 hadi 1999 kuhusu kituo cha angani, kwa sababu yenyewe haiondoki. Meli ya Picard hutua, hutoa hukumu, kisha huenda zake. Kituo hiki kimebaki palepale, jirani na Bajor, sayari iliyotoka kukombolewa baada ya nusu karne ya kukaliwa na Wakardasia, na kila asubuhi maofisa wa Shirikisho wanapaswa kuonana macho kwa macho na watu ambao hawakuwasaidia wakati wa dhiki. Tazama «Duet», ya mwaka 1993. Meja Kira, Mbajor aliyepigana msituni tangu utotoni, anamhoji mfungwa Mkardasia anayejigamba kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi ya kazi ya Gallitep. Polepole inagundulika kwamba mtu huyo alikuwa karani tu, aliyekuwa akiziba masikio usiku asisikie vilio, na kwamba amejisingizia cheo hicho makusudi ili ahukumiwe, na kwa hukumu hiyo taifa lake lilazimike kukiri. Kira anamfungulia aende. Mbajor mmoja anamchoma kisu ukumbini, na anapoulizwa sababu anajibu kwamba yule alikuwa Mkardasia, basi inatosha. Kira, ambaye mwanzoni mwa sehemu hiyo angesema hivyo hivyo, anakataa: haitoshi. Sijaona sehemu nyingine ya televisheni ya kisayansi inayolieleza suala la waliotawaliwa na waliotawala kwa uaminifu kama huo, na imefanya hivyo karibu yote ndani ya chumba cha mahabusu, bila mapigano ya meli.

Katika Lost, kwani wote walikuwa wamekufa tangu ndege ilipoanguka? (Jinja)

Hapana. Katika sehemu ya mwisho, ya Mei 2010, babake Jack, mhusika mkuu, anamweleza waziwazi kwamba yote yaliyotokea kisiwani yalitokea kweli, na kwamba wengine walikufa kabla yake na wengine muda mrefu baadaye. Picha za mabaki ya ndege zilizopita mwishoni ziliwekwa na kituo cha televisheni, na hazikuwa sehemu ya hadithi. Tafadhali tazameni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Stargate inaonyesha kuwa piramidi zilijengwa kwa ajili ya meli za Goa'uld, viumbe wa angani wanaojifanya miungu. Kuna ukweli wowote? (Kasese)

Hakuna hata chembe. Piramidi kuu ya Giza ilijengwa na Wamisri wa zama za Farao Khufu, na mwaka 2013 watafiti walifukua huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mafunjo ya msimamizi aliyeitwa Merer, ambamo aliandika safari za kikosi chake kikisafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura kwa mashua. Ni daftari la kazi, lenye siku na mizigo. Naipenda Stargate SG-1 kwa ajili ya Teal'c na uasi wa watu wake, Jaffa, watumwa wa Goa'uld wanaogundua kwamba miungu yao ni wezi wa teknolojia ya wengine; lakini tamthilia hiyo hiyo imewazoesha vijana wetu kuamini kwamba kazi kubwa iliyofanyika Afrika lazima iwe na mkono wa mgeni kutoka mbinguni. Mzazi anayeitazama na watoto wake awaambie hivyo.

Kati ya Vorlon na Shadow wa Babylon 5, nani walikuwa wema? (Kampala)

Hakuna. Vorlon walidai utii na Shadow walichochea vita ili wenye nguvu wabaki, na ilipofika mwaka 1997 wote wawili walikuwa wakiangamiza sayari nzima za watu ambao hawakuomba walezi. Sheridan na Delenn, mashujaa wa hadithi, wanawafukuza kwenye galaksi, na wengi mnauita mwisho huo ushindi. Mimi unanikera, kwa kuwa wakubwa hao wanaondoka bila kujibu lolote kuhusu waliokufa.

Deni linalolipwa kwa haki katika Babylon 5 ni lile la mataifa mawili, Narn na Centauri. Londo, balozi wa Centauri, anasimama dirishani mwa meli ya Centauri akitazama mawe makubwa yakivurumishwa kwenye miji ya Narn, na uso wake unaonekana kwenye kioo hicho hicho. Yeye ndiye aliyeufungua mlango wa msiba huo. Misimu inapita kabla G'Kar, Mnarn, hajamwambia kwamba taifa lake haliwezi kulisamehe taifa la Londo, ila yeye binafsi anaweza kumsamehe Londo. Mwandishi J. Michael Straczynski alipanga hadithi yake tangu mwanzo iwe ya miaka mitano, na hapa mpango huo unaonekana.

Kwa nini unauchukia mwisho wa Battlestar Galactica? Kibandani tulielezwa kwamba walifika peponi, na sote tukafurahi. (Masaka)

Kwanza, dada yangu, hakikisha umetazama tamthilia ipi. Maduka yanayotujazia flashi huchanganya ile ya mwaka 1978 na ile ya 2004 hadi 2009, na kama umeambiwa kwamba Cylon, roboti wanaowaangamiza wanadamu, waliundwa na viumbe kama mijusi, hiyo ni ya zamani. Pili, nawaheshimu VJ wetu, wasimulizi wa filamu vibandani, na ufundi wao wa kusimulia kwa Kiganda, lakini hotuba ndefu ndizo wanazoziruka, na mwisho wa Galactica umejengwa kwa hotuba.

Hawakufika peponi. Walifika kwetu. Mabaki ya wanadamu waliokoka, baada ya safari iliyoanza na watu wapatao 50,000, wanatua kwenye dunia yetu miaka 150,000 iliyopita, na mwishoni tunaelezwa kwamba mtoto Hera, aliyezaliwa na baba binadamu na mama Cylon, ndiye mama wa wanadamu wote, na mifupa yake imepatikana Tanzania. Kabla ya hapo viongozi wamejilaza nyasini wakiwatazama kwa darubini wenyeji waliobeba mikuki, wakakadiria kwamba huenda hawajawa na lugha, na Lee Adama, mmoja wa viongozi hao, akaona kwamba wageni wanaweza kuwapa kilicho bora kutoka kwao. Hakuna mwenyeji anayepewa jina, wala neno, wala uso wa karibu. Tena mwisho huo ulipoonyeshwa, mabaki ya binadamu kamili kutoka Omo Kibish, Ethiopia, yalikuwa yamekwisha kukadiriwa, tangu mwaka 2005, kuwa na umri wa takriban miaka 195,000. Watu walikuwepo hapa, na hawakuwa wakingoja kuletewa ubora.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba waandishi hawa walijua kuandika vizuri kuliko hivyo. Mwaka 2006, waliposimulia Cylon wakiikalia New Caprica, makazi ya wanadamu, walitulazimisha kukaa upande wa waliokaliwa, pamoja na washirika waliovaa sare za polisi na wapiganaji waliojilipua. Baada ya ujasiri huo, kuzitupa meli zote ndani ya jua na kutawanyika mabarani ni kukimbia hesabu: Cylon waliua mabilioni ya watu, na hakuna baraza, hakuna kesi, hakuna hata mtu anayeuliza.

Basi ipi imemaliza vizuri? (Busia)

The Expanse, ingawa haikumaliza vitabu vyake: vipo tisa, na misimu sita iliishia kwenye hadithi ya kitabu cha sita, Januari 2022. Wabelta, wakazi wa ukanda wa asteroidi, ndio wachimbaji wa barafu na madini, watu wanaolipia hata hewa, waliokulia kwenye mvutano hafifu hadi miili yao haiwezi kuuhimili uzito wa Dunia. Katika sehemu ya kwanza kabisa Mbelta mmoja ananing'inizwa Duniani ili uzito wake mwenyewe umtese wakati wa mahojiano. Dunia na Mirihi zinapigana juu ya migongo yao. Vita vinapokwisha, wakubwa wanakubaliana kumpa James Holden, mtu wa Dunia, urais wa chombo kitakachosimamia usafiri kwenda sayari mpya. Anakubali, kisha anajiuzulu papo hapo ili kiti kimwendee Camina Drummer, ambaye ni Mbelta. Wasiwasi wangu ni kwamba hata hapo kiti kilitolewa na Mdunia kwa hiari yake, na angeweza kukikalia. Lakini angalau mamlaka yalihama, na yalihama mbele ya wale waliokuwa wakiyashikilia.

Stargate Universe inaishaje? (Lira)

Haiishi. Ilikatizwa mwaka 2011 wafanyakazi wa meli wakiwa wamelazwa usingizi wa barafu na mwenzao Eli peke yake akiwa macho, kwa hiyo anayekuuzia «msimu wa tatu» anakuibia.