Usirudi saiti kwa kujificha kama mimi

Dada, umeuliza kama urudi saiti mtoto akiwa na miezi mitatu au uombe kuhamishiwa ofisini "mpaka akue kue". Mimi ni mhandisi wa majengo, nina watoto wawili, na wote nimewanyonyesha nikiwa saiti. Rudi saiti. Ila usirudi kwa kujificha.

Kwa mtoto wa kwanza nilijificha. Nilikuwa mhandisi pekee wa kike kwenye jengo la ghorofa sita hapa Dodoma, nikiogopa kusikia "si tulisema?". Siku ya kumwaga zege la slabu (sakafu ya zege) ya tatu nilipanda juu saa moja asubuhi. Unajua mwenyewe, zege likishaanza kumwagwa haliachwi njiani. La mwanzo likiganda kabla la pili halijafika, pale pamebaki maungio dhaifu. Mikisa, mashine ya kuchanganya zege, ikaharibika mara mbili. Nilishuka saa kumi na mbili jioni, sijakamua hata tone, matiti magumu kama jiwe. Usiku homa ikapanda. Hospitali wakasema titi limepata maambukizi, nikapewa dawa za siku kumi, na siku nne sikukanyaga kazini. Neno nililoliogopa likasemwa kikaoni, mbele ya mafundi niliowafundisha mimi kusoma michoro. Niliumia, na nikisimulia leo bado naumia.

Kwa mtoto wa pili niliandika barua kabla ya kwenda likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi unaruhusiwa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hizo saa mbili waajiri wengi hawazitaji, nawe usipozitaja zinapotea. Barua niliambatanisha na ratiba: saa nne asubuhi na saa nane mchana sipo juu, na jina la anayeshika nafasi yangu. Siku za zege nilipendekeza tuanze saa kumi na moja alfajiri. Wakakubali haraka, maana jua la Dodoma likiwa kali zege linakauka upesi na kupasuka juu. Kilichonifaa mimi kililifaa na jengo.

Fomani wetu, mzee mwenye watoto saba, ndiye aliyenitengea kona ya kontena la ofisi, akafunga pazia na komeo kwa mikono yake. Nilikamulia humo. Maziwa usiyaache mezani: kwenye joto la kawaida yanakaa kwa muda wa kama saa nne tu, na chini ya bati muda huo unapungua. Tafuta kikasha chenye vifurushi vya barafu. Mimi saa saba bodaboda wa mtaani kwetu, yule yule kila siku, alipeleka chupa nyumbani.

Kuna na suala la jina. Baada ya kujifungua mafundi walianza kuniita Mama Fulani. Kwetu hiyo ni heshima, na kwenye chai niliipokea kwa furaha. Lakini kikaoni, pale mkandarasi anapobisha kuhusu nafasi za nondo, niliomba niitwe mhandisi. Niliomba mara moja, kwa upole, na mzee fomani akawa wa kwanza kufuata.

Kuhusu ofisini: wenzangu wawili walihamishwa "kwa muda". Mtoto wa mmoja sasa yuko darasa la tatu, mama yake bado anapanga mafaili ya zabuni, na alikuwa hodari wa misingi ya majengo kuliko mimi. Ndiyo maana nakusihi.

Tuambie saiti iko umbali gani na nyumbani, na nani anabaki na mtoto. Barua yangu ninayo bado. Jioni nikishuka nitaiandika hapa upya uibadilishe iendane na yako.