Vidaka vinapukutika, na maji moto wamekwenda wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Mtongwe, Likoni. Nina minazi 22 mirefu ya kienyeji, urithi wa marehemu baba. Januari mkwezi wetu aligoma, akasema hapandi mpaka tuwaondoe maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, maana wanamtafuna hadi masikioni. Shemeji akanunua dawa, akapulizia mashina na kila kiota alichokifikia. Maji moto wakaisha, mkwezi akarudi. Sasa ni Juni, kila asubuhi naokota vidaka, nazi changa kabisa, vingine vinatoa gundi kama machozi. Mashada ya chini yamejaa, lakini sita hivi ya juu ni karibu matupu. Fundi mmoja anataka nimlipe apulizie dawa kileleni kabisa. Nimlipe?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Usimlipe.

Umenirahisishia kazi kwa kuhesabu mashada. Mnazi wenye afya hutoa karara, ile ala yenye maua, takriban moja kila mwezi, kwa hiyo kila shada ni dogo kwa mwezi mmoja hivi kuliko la chini yake. Simama shinani, tazama kileleni, ushuke shada moja moja: hiyo ni kalenda. Ukihesabu mashada sita nyuma kutoka Juni, unaangukia Januari, mwezi ule ule wa dawa ya shemeji. Ukame ungekuwa ndio sababu, minazi ya jirani nayo ingekuwa hivyo hivyo, itazame.

Hata hivyo si kila kidaka kinachoanguka kimeuawa. Zaidi ya nusu ya punga, yaani maua ya nazi, huanguka zenyewe bila mkono wa mdudu, mti haubebi kila ulichozaa. Kwa hiyo hakikisha. Okota vidaka kumi vya leo, ng'oa kofia, kwangua ngozi kwa kisu cha jikoni. Ukikuta madoa ya kahawia yaliyobonyea na kulowa, na gundi imetokea hapo hapo, basi kimedungwa na mdudu. Baka la pembetatu linaloanzia chini ya kofia na kuteremka ni la utitiri, hilo ni jambo jingine. Na makuti yaliyokatwa kama kwa mkasi ni kazi ya chonga, yule mdudu mkubwa mwenye pembe, anayezaliana kwenye magogo yaliyooza na marundo ya samadi.

Kwa maelezo yako namshuku kunguni wa minazi, ambaye wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi. Ni wa kahawia nyekundu, urefu wa sentimita moja na nusu hivi, na humwoni kirahisi ukiwa chini. Hana haja ya kuwa wengi. Mate yake ni sumu kwa nazi changa, na wachache tu kileleni wanaweza kupukutisha karibu kila kinachotoka. Hilo jina la wayi linatokana na Michael Way, Mwingereza aliyefanya utafiti Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alichokiona huko ndicho unachokiona wewe: mnazi wenye maji moto wengi huzaa, na mnazi wasioupanda maji moto hupukutisha. Maji moto humwinda kunguni na watoto wake, wakamkosesha utulivu wa kula. Shemeji kawafukuza askari, mwizi kabaki.

Dawa ya kileleni haitakusaidia. Bomba la mgongoni halifiki juu ya mnazi wa mita kumi na tano, upepo wa kusi utaipeleka kisimani kwako na kwa jirani, na kama kuna maji moto waliosalia, ndio watakaokufa kwanza. Tena madafu yako watu wanayanywa.

Sasa, kuwarudisha. Anza shinani. Je, kuna sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi yao wenye vichwa vikubwa kuliko miili, wametifua udongo kuzunguka shina? Hao ni maadui wakubwa wa maji moto, huwazuia kupanda, na hupenda ardhi iliyopaliliwa ikawa nyeupe. Najua kwetu shamba safi ni sifa ya mwenyewe, lakini chini ya minazi acha nyasi fupi na magugu yafyekwe tu, yasing'olewe.

Kisha tafuta mwembe au mdimu wa karibu wenye viota. Ni rahisi kuvitambua: majani mabichi yameshonwa pamoja kwa uzi mweupe, uzi unaotoka kwa watoto wao, ambao wakubwa huwashika mdomoni na kuwapitisha huku na huku kama sindano. Funga kamba kutoka mwembe huo hadi mnazi wa kwanza, na kutoka hapo hadi wa pili. Watavuka wenyewe. Kuhamisha viota kwa mfuko kunawezekana, alfajiri wakiwa ndani, lakini kundi zima lina malkia mmoja tu. Ukimkosa, watafanya kazi kwa muda halafu waishe. Na usichanganye viota vya miti iliyo mbalimbali, watauana usiku kucha.

Wana kasoro zao. Kwenye mdimu hufuga wadudu gamba ili wanywe utamu wao. Mimi naona ni kodi ndogo.

Anabaki mkwezi, na kusema kweli hana kosa. Mpe jivu la kuni ajipake mikononi, shingoni na miguuni, wadudu hawa huteleza kwenye unga mkavu. Miti mifupi, kama ipo, ivunwe kwa ngoe. Na muongezee kitu kwa kila mnazi wenye viota, maana hesabu iko upande wako: shada moja lililookolewa linalipa zaidi ya nyongeza hiyo.

Usitarajie nazi mwezi ujao. Kutoka ua hadi nazi kavu ni mwaka mzima, hivyo mashada sita yaliyokwisha haribika yatapita tu. Angalia karara zitakazofunguka vuli. Ukiona kiota cha kwanza juu ya mnazi, niandikie ni mnazi wa ngapi kutoka kwenye mwembe, nijue kamba imefika wapi.